Mwaka Tuliomfundisha Chui-Milia Kuogopa

Mwezi uliopita nilirudi Johannesburg kwa ibada ya kumaliza matanga ya Baba Riziki. Kanisa lake bado liko palepale, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya jiji, juu ya maduka ya jumla ya mablanketi na masanduku ya safari. Watu walisema mengi mazuri. Mchungaji alisema marehemu hakuwahi kuchelewa ibada. Mwenyekiti wa kwaya alisema sauti za wanaume zimebaki yatima. Mwenzake wa kazi ya ulinzi alisema huyu alikuwa mtu wa kumwachia funguo za nyumba yako na mke wako akiwa ndani, na watu wakacheka, na Mama Riziki naye akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyemtaja chui-milia. Nilipomnong'oneza Mama Riziki kuhusu hilo, alinijibu bila kugeuza kichwa: "Wangesema nini, dada? Hawakuwa pale. Wewe ndiye ulikuwa pale." Basi nasema mimi.

Mwaka wenyewe ni 2017. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kumaliza masomo ya wanyamapori, na nilikuwa nimepata mkataba wa mwaka mmoja Sandton, katika ofisi ya mfuko wa uhifadhi uliokuwa ukiendesha hifadhi ya binafsi nje ya jiji. Mshahara wa mwanagenzi haukutosha kupanga Sandton wala karibu na Sandton. Siku yangu ya kwanza kupelekwa hifadhini, mlinzi wa zamu, huyo Baba Riziki, alisikia namna ninavyosema "jamani", akaniuliza kama natoka Kigoma. Yeye alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa lilelile. Kabla gari letu halijaondoka jioni, nilikuwa nimeshapata chumba nyumbani kwake Jeppestown. Ilikuwa karakana ya zamani: chini walikata vyuma, juu tuliishi sisi, na mchana kutwa sakafu ilitetemeka kidogo chini ya nyayo. Chumba changu kilitenganishwa na cha kushonea kwa ubao mwembamba. Nililala na kuamka kwa cherehani ya Mama Riziki, na baada ya miezi michache niliweza kujua kwa mlio wake kama anashona pindo au anatia zipu. Dirisha la jikoni lilitazama hosteli ya wanaume. Ukuta wa nje ulikuwa bado na weusi wa moshi wa mwaka 2015, wageni walipofukuzwa mitaani. Mama Riziki alikuwa ameupaka rangi mara mbili, weusi ukarudi, akatundika pale kamba ya kuanikia nguo.

Baba Riziki alifanya kazi majuma mawili porini, majuma mawili nyumbani. Jumapili aliyokuwepo, meza ilijaa. Mama Riziki alisonga bukari, ugali wa kwao, kwa unga mweupe wa dukani, akiulaumu kwamba umesagwa laini kama poda ya mtoto, na kando yake kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, yaani dagaa, kutoka kwa mwanamke mmoja wa Kalemie aliyeuza samaki wakavu karibu na stendi ya teksi. Deo, kinyozi wa Bujumbura aliyepanga chumba cha mwisho, alikuja na chupa ya soda na maswali. Kwa muda mrefu swali lake lilikuwa moja: wanyama wa Asia wanatafuta nini Afrika? Nilimweleza jinsi watu wa Afrika Kusini walivyowafuga chui-milia katika mazizi, kwa picha za watalii na kwa biashara ya mifupa, na jinsi mfuko wetu ulivyowachukua wachache ili wajifunze kuwinda na kuishi wenyewe ndani ya eneo kubwa lenye uzio. Nilimweleza pia kwamba kila mnyama ana kibali: cha kuwa naye, cha kumsafirisha, cha kumhamisha kutoka boma moja hadi jingine.

"Kibali cha muda gani?" Deo aliuliza.

"Inategemea. Vingine ni vya miaka."

"Eish! Mimi napewa cha miezi sita, na foleni juu yake. Mama Riziki, tafadhali, nishonee koti la milia."

"Nikikushonea koti, mukia utatoa wapi?" alijibu Mama Riziki, na Baba Riziki akacheka mpaka akasukuma sahani yake mbali ili asipaliwe.

Aliyekuwa hacheki sana mezani ni Riziki, binti yao wa miaka tisa, aliyezaliwa hapohapo jijini. Alielewa kila neno la Kiswahili lakini hakutoa hata moja. Baba yake akimuuliza shule ilikwendaje, alijibu kwa Kiingereza. Akimtania, alijibu kwa Kizulu na kukimbia. Haikuwa jeuri. Watoto wote wa jengo lile walikuwa hivyo. Lakini nilimwona baba yake mara nyingi akirudia swali lilelile, polepole zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu.

Ofisini, meza yangu ilitazama barabara pana na mabenki ya vioo. Kila Jumatatu zililetwa kadi za kamera za kutegesha kutoka hifadhini, na kazi yangu ilikuwa kupitia picha moja moja na kuzipanga: swala, ngiri, mbweha, mlinzi, chui-milia. Ilikuwa kazi ya utaratibu na niliipenda. Milia ya chui-milia haifanani kati ya mmoja na mwingine, hata ubavu wa kushoto na wa kulia wa mnyama yuleyule hutofautiana, na baada ya muda nilimjua kila mmoja kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake. Mwaka ule macho ya wote yalikuwa kwa jike mmoja. Alichukuliwa akiwa mdogo kutoka ua wa nyumba ya kifahari, alikokuwa amefugwa kama paka, na sasa alikuwa mzima, anawinda swala bila msaada, na alingoja mtihani mmoja tu ili afunguliwe lango la eneo kubwa. Hatukumpa jina. Sheria ya meneja wetu, Bi Marike, ilikataza majina. Bi Marike alikuwa Mzungu Mwafrikana, mrefu wa sauti ya chini, aliyekulia shambani, na sheria zake zote zilitoka kwenye sheria moja: mnyama asikuone, asikusikie, asikuhusishe na nyama.

Kuna wataalamu waliosema kazi yetu nzima ni bure. Walisema chui-milia mwitu ataokolewa katika misitu yake huko Asia, kwa kulinda mawindo yake, kwa kuunganisha msitu na msitu, kwa kuishi vizuri na wakulima wa mipakani, wala si kwa uzio wa Afrika Kusini. Leo, baada ya miaka ya kufanya kazi katika hifadhi za nyumbani, nadhani kwa sehemu kubwa walikuwa sahihi. Lakini jike yule hakuwa hoja ya wataalamu. Alikuwa tayari amezaliwa, na zilikuwapo njia mbili tu mbele yake. Akifaulu, angepata vichaka, mto na mawindo. Akishindwa, mfuko usingeweza kumlisha maisha yake yote, na waliokuwa tayari kumchukua walikuwa watu wa mazizi. Bi Marike hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Alikuwa akifunga faili tu na kutazama nje.

Ndipo picha za kona ya mto zilipoanza kunisumbua. Uzio wa boma ulikuwa wa tabaka mbili, na katikati lilitundikwa turubai ili walinzi wanaopita nje wasionekane. Katika kona ile, asubuhi, jike alikuja na kuketi ameelekea turubai. Hakuwinda. Hakunusa ardhi. Aliketi wima, mkia umezungushwa miguuni, masikio mbele, kama paka aliyesikia hatua za mwenye nyumba. Kisha yakaja majuma ambayo alikuja siku chache tu, akaacha. Kisha akaanza tena. Nilimwonyesha Bi Marike, naye akatuma fundi akague bomba la maji, labda linavuja. Akatuma mtu atazame matundu ya sungura. Bomba lilikuwa zima, na sungura hawakuwapo.

Jibu lilikuja na sombe. Jumapili moja Mama Riziki alikuwa akimsimanga mumewe kwamba kwaya imelalamika. "Huku kanisani anakohoa kama pikipiki," alisema, "sauti yote ameiacha kule kwa tigre."

"Kanisani iko vumbi," alijitetea Baba Riziki. "Kule asubuhi hewa iko safi. Nikifika ile kona ya mto, minaimba mistari yote mine. Sauti inaenda mpaka ng'ambo, inarudi."

Mkono wangu ulibaki kwenye sahani. "Kona ya mto, baba? Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi ya zamu yangu. Ni wimbo ya mama yangu, ya kushukuru kwa kuamka. Nikiwa peke yangu nitashukuru na nani? Nashukuru tu."

Nilingoja Deo aondoke. Kisha nikafungua kompyuta juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, kati ya sahani, nikawaonyesha picha. Sikuhitaji kueleza sana. Baba Riziki alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaisogeza kompyuta karibu. Alikuwa amepita mahali pale mwaka mzima na hakuwahi kumwona. Turubai lilimzuia yeye kama lilivyomzuia mnyama.

"Alikuwa ananisikiliza," alisema. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sikuitazamia, na kwa muda mfupi hakuona hatari yoyote. "Mama Riziki, kuja uone. Humu nyumbani nikisema Kiswahili hakuna mutoto anayeitika. Angalia huyu mama. Ameketi!"

Mama Riziki aliona hatari kabla yake. "Funga hiyo kitu," aliniambia. Kisha kwa mumewe: "Unajua watakufanya nini? Walisema msiseme neno kule. Neno! Wewe umeimba mistari mine."

"Walisema tusiseme na mnyama. Mimi nilisema na Mungu."

"Mweleze hivyo madame Marike. Mweleze Mungu ndiye alikutuma kona ya mto."

Nilimwambia Baba Riziki kwamba katika ripoti ya tathmini ya jike yule nitalazimika kuandika ninachokijua. Hakukasirika. Aliomba kitu kimoja: nimwachie aseme mwenyewe, kabla ripoti haijakabidhiwa. Nilikubali. Mama Riziki hakukubali lolote. Aliosha vyombo kwa kelele, na nilisikia kupitia ubao, kwa muda mrefu baada ya hapo, sauti yake ikisema jambo lilelile: anyamaze tu, mnyama atasahau, nani atajua, na kodi, na shule ya mtoto, na kibali kinachoisha. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa amekimbia nyumba mbili katika maisha yake, na hakutaka kufukuzwa kwenye ya tatu kwa sababu ya wimbo.

Zamu iliyofuata Baba Riziki alinyamaza. Alipita kona ya mto mdomo umefungwa. Mimi nilimwona jike katika picha: alikuja, akaketi, akangoja. Akalala pale, kidevu juu ya miguu, mpaka jua likapanda. Siku iliyofuata tena. Baba Riziki aliporudi nyumbani, hakuuliza habari za ofisi wala za jiji. Alisimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Alikuja?"

"Alikuja, baba."

"Alikaa sana?"

"Alikaa."

Alivua viatu na kuviweka chini bila sauti. "Kuliko kumfungia mutu mulango," alisema, "heri umwambie aende."

Mtihani ulifika majira ya baridi, nyasi zikiwa kavu na rangi moja na ubavu wa chui-milia. Mfuko ulimwalika Daktari Lata, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa amefanya kazi katika hifadhi za India tangu usichana wake. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai ya chupa nyuma ya gari, aliniambia kwamba katika misitu yake walinzi hutembea wakiongea na kugonga fimbo, na chui-milia husikia na kuwapisha. "Chui-milia mwitu mwema," alisema, "ni yule ambaye amekuona wewe, na wewe hujui." Mtihani ulikuwa rahisi. Turubai liliondolewa. Watu walipita kando ya uzio kwa makundi, wakiongea kawaida: Kiingereza, Kiafrikana, Kizulu, Kisotho. Mmoja alicheka kwa nguvu, mwingine alipiga simu. Jike alitakiwa kujificha au kuondoka. Alijificha. Kundi la kwanza lilipotokea, nyasi zilifunga juu yake kama maji, na mpaka kundi la mwisho hatukuona hata sikio.

Bi Marike alitabasamu, jambo la nadra. Daktari Lata aliweka kalamu mfukoni. Mtu alianza kusema kuhusu nyama ya kuchoma. Nilimtazama Baba Riziki, aliyekuwa amesimama langoni na sare yake iliyopigwa pasi. Wakati huo alikuwa na kila kitu alichokiomba mkewe. Mnyama amefaulu, kazi ipo, na ripoti yangu ingeweza kusema kwamba zamani aliketi pale na sasa haketi. Alivua kofia akaja mpaka mbele yetu.

"Dada Salome," aliniambia kwa Kiswahili, "Kingereza yangu haitafika. Niambie vizuri, usipunguze. Waambie mtihani haijaisha."

Nilitafsiri. Bi Marike aliuliza ana maana gani.

"Waambie hakuna aliyeimba."

Nilitafsiri na hilo. Kisha akaeleza yote, akinipa sentensi moja moja kama mtu anayemkabidhi mwenzake vyombo vya udongo: zamu, kona, wimbo wa mama yake, picha, na majuma aliyonyamaza. Sauti yake ilikuwa tulivu mpaka alipofika mahali pa kutoa sababu. "Hii inchi batu wanaimba kila fasi, kila pahali," alisema. "Ng'ambo ya hii hifadhi, Jumapili, ile batu ya kanzu nyeupe wanaomba mutoni. Wanaimba kuliko mimi. Siku moja uzio utaanguka, au mutu ataingia kutafuta mbuzi yake, ataimba. Huyu mama atakuja kumusalimia. Atakuja na upendo. Na watamupiga risasi."

Wekundu ulimpanda Bi Marike shingoni. "Niulizie," aliniambia, "kama alielewa sheria." Nikamuulizia. "Nilielewa," alijibu Baba Riziki. "Niliona haihusu wimbo."

Daktari Lata ndiye aliyesema: "Aimbe."

Alikwenda kona ya mto peke yake. Sisi tulibaki nyuma ya magari. Alikohoa kwanza, na niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Kisha akaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba nje ya jengo. Kanisani sauti yake ilikuwa moja kati ya nyingi, na kumbe kule ilikuwa pana na ya chini, isiyo na haraka. Hakumaliza mstari wa kwanza. Nyasi zilifunguka na jike akatoka mahali palipo wazi, mchana kweupe, mbele ya magari na watu wote aliokuwa amewakimbia. Alitembea kichwa juu mpaka kwenye uzio, akaketi. Kwa mara ya kwanza walionana. Baba Riziki aliendelea kuimba, lakini maneno yalianza kupotea, na mwisho ilikuwa sauti tu.

Hakufukuzwa siku ile. Bi Marike alisema wazi kwamba angemfukuza, ila sasa sauti yake ni kifaa cha kazi. Daktari Lata alieleza njia pekee aliyoijua, na akaieleza bila kuipamba. Mnyama amejifunza kwamba wimbo ni jambo jema. Lazima ajifunze kwamba wimbo ni hatari. Baba Riziki ataimba. Jike akija, watu waliojificha watapiga mabati, watafyatua baruti tupu, watamrushia mifuko midogo ya mchanga ubavuni kwa bunduki maalumu, ya kumuuma bila kumjeruhi. Na yeye ataendelea kuimba. Asinyamaze. Akinyamaza mlipuko ukitokea, mnyama atadhani kelele ni adui wa wote wawili. "Ni lazima afikiri kwamba inatoka kwako," alisema Daktari Lata, nami nikatafsiri nikiangalia viatu vyangu.

Baba Riziki aliuliza kama mtu mwingine hawezi kufundishwa wimbo ule.

"Anaweza," alisema Daktari Lata. "Lakini jike atamkimbia huyo tu. Wewe bado utabaki rafiki."

Mama Riziki alipoambiwa habari hizo, aliacha cherehani katikati ya pindo. Nilitegemea maneno makali. Alimtazama tu mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kati ya vipande vya vitambaa. "Wamekuacha na kazi," alisema.

"Wameniacha. Wakimaliza na mimi watanipeleka geti kubwa, mbali na wanyama."

"Basi iko sawa."

"Iko sawa."

Halafu Mama Riziki akainuka na kumpikia uji mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Masomo yalichukua sehemu yote iliyobaki ya majira ya baridi. Nilihudhuria baadhi na mengine niliyaona kwa picha. Mara ya kwanza jike alikuja akikimbia. Bati lilipopigwa aliruka upande, baruti ikalia, mfuko wa mchanga ukamgonga nyongani, naye akajitupa kwenye nyasi. Kabla ya kuzama, aligeuka. Hakutazama walikotoka wapigaji. Alimtazama mwimbaji. Baba Riziki aliimba. Machozi yalimfika mdomoni na aliimba juu yake. Mara ya pili alikuja polepole. Mara ya tatu alisimama mbali, mguu mmoja hewani, na alipopigwa hakuruka ila alinguruma. Kila baada ya somo Baba Riziki alipanda nyuma ya gari letu la kurudi jijini. Kwenye robot ya kwanza ya mjini, taa zikiwa nyekundu, mara moja aliniuliza: "Wewe ulisoma hii mambo. Anaweza kuelewa kwamba ni kwa ajili yake?" Nilimwambia kwamba hawezi. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyethibitishiwa bei.

Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule. Huwaambia kwamba usimamizi wa hifadhi ni maji, mawindo, uzio na majirani, na ni kweli. Nikifika kwenye somo la kumzoeza mnyama kumwogopa binadamu, hueleza mabati na baruti na mpangilio wa watu. Vitabu husema hatua hii hufanywa na mtu aliyezoeleka na mnyama. Husema hivyo kwa mstari mmoja.

Somo la mwisho halikuwa na baruti. Turubai halikuwepo, wapigaji walikaa na mabati yao mapajani. Baba Riziki alisimama kona ya mto na kuanza kushukuru kwa kuamka. Jike alikuwa amelala kwenye kivuli upande wa pili wa boma, nilimwona kwa darubini. Kwa neno la kwanza masikio yalilala nyuma. Kwa neno la pili alikuwa ameondoka, chini, haraka, tumbo karibu na ardhi, mpaka kona ya mbali kabisa ambako uzio ulimzuia. Baba Riziki alimaliza mistari yote minne kwa uwanja mtupu. Kisha akavaa kofia yake.

Siku ya kumfungulia jike lango, Baba Riziki hakuruhusiwa kuwepo. Harufu yake na sauti yake vilikuwa sasa sehemu ya kile ambacho jike alipaswa kukimbia. Alikuwa zamu ya mapumziko. Mimi nilikuwa kwenye gari la tatu, vioo vimefungwa. Lango liliinuliwa kwa kamba kutoka mbali, na kwa muda hakukuwa na chochote. Kisha jike alitoka, akasimama, akanusa upepo wa nchi ambayo haikuwa na mwisho anaoujua, na akaenda. Nilirudi Jeppestown jioni, nikawakuta mezani, bukari imefunikwa. Walikuwa wamenisubiri. Riziki alikuwa amekaa karibu na baba yake kuliko kawaida. Nilimpa Baba Riziki simu yangu. Ilikuwa picha moja niliyopiga kupitia kioo: mgongo wenye milia, unaingia kwenye majani marefu.

Aliitazama sana. Mama Riziki aliegemea bega lake na kuitazama pia.

"Aligeuka?" aliuliza Baba Riziki.

"Hapana, baba. Hakugeuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili. "Basi amejifunza," alisema, na akavuta sahani, akakata tonge la kwanza, akatuambia tule.